Kabla hujasaini ukocha msaidizi wa futiboli ya vyuo Marekani

Vijana wetu wengi waliokulia huku Marekani, Columbus, Des Moines, Dallas au Minneapolis, wamecheza futiboli ya Kimarekani sekondari, na baadhi wameifikisha hadi chuo. Miguu ikichoka, wanataka kubaki kwenye mchezo kama makocha, na wananiuliza waanzie wapi. Nimefundisha malainibeka, yaani walinzi wanaosimama nyuma ya safu ya mbele, katika vyuo vidogo na vya kati kwa miaka mingi. Haya ndiyo ningependa kila anayeanza ayajue mapema.

La kwanza ndilo linalobeba mengine yote: kocha msaidizi anaajiriwa na kocha mkuu. Barua ya ajira itakuwa na nembo ya chuo na mshahara utatoka chuoni, lakini aliyekuita ni mtu mmoja, na siku kibarua chake kikiota nyasi, chako nacho kina hatari ya kuota. Kocha mpya huja na watu wake. Hata kama wachezaji wa nafasi yako walifanya vizuri msimu mzima, unaweza kuambiwa ufungashe vitu Jumapili ya mwisho wa Novemba, siku moja baada ya mechi ya kufunga msimu. Kwa hiyo ukipata ofa, mchunguze bosi kabla ya kuchunguza uwanja na jezi. Waulize waliowahi kufanya naye kazi: anawafundisha wasaidizi wake au anawatumia tu? Timu ikifungwa, lawama anazibeba nani? Wasaidizi wake wa zamani wako wapi leo? Hilo la mwisho lina majibu ya wazi, maana historia ya kila benchi la ufundi iko hadharani.

Dabo Swinney ni mfano mzuri. Alikuwa kocha msaidizi Chuo Kikuu cha Alabama hadi benchi zima lilipotimuliwa baada ya msimu wa 2000, akaenda kufanya kazi ya majengo ya biashara mjini Birmingham. Mwaka 2003 Tommy Bowden, aliyekuwa miongoni mwa makocha wa Alabama Swinney alipokuwa mwanafunzi pale, alimwita chuo cha Clemson afundishe wapokeaji wa mpira wa kurushwa. Oktoba 2008 Bowden alipoondoka katikati ya msimu, timu alikabidhiwa Swinney, mtu ambaye hakuwahi hata kuwa mratibu wa mashambulizi, msaidizi anayeongoza upande mzima wa ushambuliaji. Ametwaa ubingwa wa taifa wa misimu ya 2016 na 2018. Wengi husimulia habari hii kama bahati. Mimi naona mtu aliyekumbukwa na waliomwona akifanya kazi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Bud Foster. Aliingia chuo cha Virginia Tech mwaka 1987 pamoja na kocha mkuu Frank Beamer, akaanza kuratibu ulinzi mwaka 1995. Beamer alipostaafu mwisho wa msimu wa 2015, kocha mpya, Justin Fuente, alimbakiza, naye akaendelea hadi 2019. Mwaka 2006 alipewa Tuzo ya Broyles, ambayo tangu 1996 hupewa kocha msaidizi bora wa mwaka. Kocha mpya kumbakiza mratibu wa ulinzi wa mtangulizi wake ni jambo la nadra. Foster alibaki kwa sababu ulinzi ule aliujua kiasi kwamba kumwacha aondoke kungekuwa hasara. Ndiyo maana namwambia kila kijana: chagua nafasi moja uwanjani, uifahamu mpaka mwisho. Kujua kila kitu kidogokidogo kunakufaa mazungumzoni. Kazi utaipata kwa sababu unaweza kumfundisha kijana wa miaka 19 mahali pa kuweka mguu wa kwanza.

Mlango uliozoeleka ni ukocha mwanafunzi. Umemaliza shahada ya kwanza, unasoma ya pili, chuo kinakulipia ada na posho kidogo, nawe unalitumikia benchi. Nick Saban, mmoja wa makocha maarufu wa mchezo huu, aliingia kwa mlango huo chuo cha Kent State mwaka 1973, akimsubiri mkewe amalize masomo. Timu ya kwanza ya kwake mwenyewe, Toledo, aliipata mwaka 1990. Hesabu mwenyewe hapo katikati. Mlango wa pili ni uchambuzi wa video, na huu umepanuka: tangu Juni 2024 vyuo vya Daraja la Kwanza, la juu kabisa kati ya madaraja matatu ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, vinaruhusiwa kuwatumia wachambuzi kufundisha uwanjani, jambo ambalo zamani lilikuwa la makocha wachache wenye idhini. Kutoka nje ya chuo kusaka vijana ndiko bado kuna kikomo cha idadi ya makocha. Vyuo vya Daraja la Tatu, ambavyo havitoi ufadhili wa michezo, hulipa kidogo, na baadhi ya nafasi ni za muda tu. Lakini huko utapewa wachezaji wako mwenyewe mapema, na mimi ningeanzia huko bila kusita.

Anayeishi kwa viza ya mwanafunzi asome hapa mara mbili. Wakati wa muhula unaruhusiwa kufanya kazi chuoni saa zisizozidi 20 kwa wiki. Kazi ya benchi la ufundi hailijui hilo. Zungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kupokea nafasi, kisha mweleze kocha mkuu waziwazi. Anayekwambia "usijali" hatakuwepo siku barua ya uhamiaji ikija.

Sasa kazi yenyewe. Jumapili, watu wakiwa wanapumzika na ushindi au kichapo cha jana, mdogo wa benchi anafungua mechi za mpinzani wa wiki inayokuja. Kila mchezo, yaani kila tukio tangu mpira unapoanza hadi unaposimama, unaandikwa kwenye mstari wake: ni jaribio la ngapi kati ya manne ya timu, yadi ngapi zinatakiwa, mpira uko yadi gani na upande gani wa uwanja, wameingia wakimbiaji wangapi na wapokeaji wangapi, wamejipanga vipi, nani alihama kabla ya mpira kuanza, walikimbia au walirusha, walipata nini. Ukimaliza mechi nne una mamia ya mistari. Kompyuta itazichambua namba, lakini macho ni yako. Mtazame mtu wa safu ya mbele ya washambuliaji anapoinama na kuweka mkono chini. Vidole vikizama kwenye nyasi, uzito wake uko mbele, mara nyingi anakuja kusukuma, mpira utakimbizwa. Mkono ukigusa kwa wepesi na makalio yakishuka, anajiandaa kurudi nyuma kumlinda kwotabeki, mrusha mpira wa timu. Ukiona jambo kama hilo linajirudia mechi baada ya mechi, mpelekee mratibu likiwa na video zake, bila maneno mengi. Kocha mmoja niliyefanya naye kazi hakuwahi kuniuliza naonaje. Alisema tu, "Nionyeshe." Nilijifunza mengi kwa neno hilo moja.

Baada ya video zinakuja kadi. Unachora michezo ya mpinzani ili kikosi cha akiba kiigize Jumanne na Jumatano, siku za mazoezi mazito. Watu huidharau kazi hii, nami nadhani ndiyo shule bora kuliko zote. Kijana wa akiba anaiona kadi akiwa anahema, umeinyanyua juu, ana sekunde chache tu. Chora kwa maka peni nene, duara kubwa, mshale mmoja kwa kila mtu, namba ya jezi ndani ya duara. Ukichora vibaya, ulinzi mzima unajiandaa kwa mchezo ambao hautatokea Jumamosi. Kocha mkuu anaona haraka sana nani kadi zake zinasomeka.

Usajili ndio utakaokula miezi yako mingine. Utapewa eneo, utaendesha gari shule kwa shule. Salimia walinzi wa geti na makarani wa ofisi kwa heshima ya kweli. Hao ndio wanaojua kama kijana anaingia darasani. Kwa Daraja la Kwanza anatakiwa awe na masomo 16 ya msingi na wastani wa alama usiopungua 2.3 kwa kipimo cha 4.0, na vipaji vingi vimekwama hapo kwa sababu hakuna aliyewaeleza wazazi mapema. Mtu anayezungumza Kiswahili ana faida kubwa kwenye nyumba za wenzetu. Nimekaa sebuleni kwa mama mmoja wa Kikongo, mwanawe jitu la futi sita na zaidi, chai mezani, kaka mkubwa akitafsiri Kiingereza changu kabla sijajitambulisha. Nilipomwamkia, "Shikamoo mama," alicheka, akamwambia kaka akae. Kisha akauliza mawili: mtoto akiumia, hospitali atalipa nani? Na asipochezeshwa, ataendelea kusoma? Kwa maswali hayo usijibu kwa kubahatisha. Isome barua ya ufadhili, ujue ni ya mwaka mmoja unaohuishwa au ya miaka kadhaa, ujue bima inafika wapi, na kama jibu halipendezi, litoe hivyohivyo. Yule mama anamkabidhi mwanawe kwako, na mwakani huenda wewe haupo.

Mambo ya fedha nayo yamebadilika. Tangu 2018 wachezaji wana mfumo rasmi wa kutangaza kuhama, tangu Julai 2021 wanalipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, na tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kugawana nao mapato moja kwa moja. Maana yake kwako ni kwamba kila msimu wa baridi unawasajili upya wale uliokwisha kuwa nao. Wanaobaki mara nyingi ni wale wanaoona wanaongezeka ujuzi kwako, ingawa wapo watakaofuata pesa na huna haki ya kuwalaumu, kwa kuwa na wewe utahama ukipata pazuri.

Kuhusu nyumba: panga, usinunue, mpaka uwe na mkataba wa zaidi ya mwaka. Uliza ukiondolewa bima ya familia inakoma lini. Mwenzi wako ajue tangu uchumba kwamba mtahama, na kwamba Agosti hadi Novemba utaonekana nyumbani usiku tu. Waratibu wachache wa vyuo vikubwa wanalipwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mwaka, na magazeti huwaandika hao. Walio wengi wanaishi kama walimu wengine.

Usaili wenyewe ni mfupi kuliko unavyodhani. Utapewa ubao na kalamu, utaambiwa: tufundishe. Nafasi nyingi huzungumziwa Januari, kwenye mkutano wa mwaka wa chama cha makocha, AFCA, ambako maelfu ya makocha hujaa hotelini. Nenda na swali la kiufundi kwa kocha unayemheshimu, CV ibaki mkobani mpaka aiulize. Na kwenye ubao anza na miguu ya mchezaji: anasimamaje, anatazama nini, hatua ya kwanza inakwenda wapi. Wale waliokaa mezani watajifanya wachezaji wako na kukuuliza maswali ya kijinga kwa makusudi. Wajibu kwa uvumilivu uleule utakaoutumia kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa sababu hicho ndicho wanachokipima.