Jikoni Kwetu: Maswali Yenu Kuhusu Vitafunio vya Msimu wa Baridi

Julai hii jua la Nairobi limejificha, na barua zenu zimejaa habari za njaa ya jioni: watoto wametoka shule, chakula cha usiku bado, na kila mtu anatafuta kitu cha moto cha kutafuna. Wengi mmechoka kununua vibanzi na biskuti kila siku. Vinavyofaa kipupwe viko kwa mama mboga wa mtaani, na barua zenu zinaonyesha mnavijua. Kinachowasumbua ni upishi, kwa hiyo tumejibu hayo.

Nikipika chai ya tangawizi maziwa yanakatika, ilhali ni maziwa ya asubuhi hiyo hiyo na hayajachacha. Je, ni sufuria? – Msomaji, Umoja

Sufuria haina kosa, dada. Ni tangawizi. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, na nguvu zake huwa nyingi maziwa yakiwa na joto la nyuzi 60 hivi. Ukiiponda ukaitia kwenye maziwa baridi, kisha ukayapasha polepole, unakipa kimeng'enya hicho nafasi yote kinayotaka. Yakifika kuchemka yameshaganda vidonge vidonge.

Kwa vikombe vinne, chemsha vikombe viwili vya maji pamoja na kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole gumba, kilichopondwa. Kiache kitokote dakika 5 kamili. Joto hilo ndilo linaloua kimeng'enya. Tia vijiko vidogo viwili vya majani na punje tatu za iliki zilizopasuliwa, ndipo umimine vikombe viwili vya maziwa. Chai ikipanda mara ya kwanza punguza moto, iache ipande tena, kisha chuja. Usipunguze zile dakika 5 kwa sababu una haraka, maana chai nyingi huharibikia hapo. Ndimu nayo weka kwenye chai ya rangi pekee.

Sukari kila mtu ajitilie kikombeni. Ukiitia sufuriani, anayetaka kijiko kimoja atakunywa viwili.

Nilinunua nduma Marikiti, nikazichemsha saa nzima. Nyingine zililainika, nyingine zikabaki ngumu na zikatuwasha kooni. Ziliharibika? – Baba wa watoto watatu, Kangemi

Hazikuharibika, hazikuiva. Kila nduma ina chembechembe zenye umbo la sindano, nyembamba mno usizoweza kuziona kwa macho, na hizo ndizo zinazochoma ulimi na koo. Moto wa kutosha huondoa mwasho huo. Nduma mbichi au iliyoiva nusu isiliwe na mtu yeyote.

Kuna jambo jingine ambalo wapishi wengi wa hapa hawalitilii maanani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Hata ukiongeza gesi mpaka mwisho, maji hayapati joto zaidi, yanakauka tu haraka. Kwa hiyo muda aliokupa shangazi wa Mombasa hautoshi huku.

Zisugue kwa brashi bila kuzimenya, maana ganda huzuia zisinyonye maji. Zipange kwa ukubwa. Zile nene zikate vipande viwili ili zote zikaribiane, la sivyo nyembamba zitapasuka kabla nene hazijaiva. Maji yazifunike, tia chumvi kijiko kidogo kimoja, funika sufuria. Hesabu muda tangu maji yaanze kutokota: dakika 45 kwa ndogo, saa moja na nusu kwa zile nene kama kifundo cha mkono. Sufuria ya presha hukata muda huo hadi dakika 25 hivi. Usiamini saa peke yake. Chomeka kisu kwenye nduma nene kuliko zote: kiingie hadi katikati bila kukwama, na ukikitoa kiwe na ungaunga uliogandia. Kikikwama, rudisha kifuniko. Zikishaiva mwaga maji yote, urudishe sufuria kwenye moto mdogo dakika 5 bila kifuniko ili mvuke uishe. Hapo nduma inakuwa kavu, ya kumeguka, si ile ya kuteleza mdomoni.

Ukinunua, chagua iliyo nzito na ngumu mkononi. Inayobonyea kwa kidole iache. Mwombe muuzaji akate ncha: ndani pawe peupe penye madoadoa ya zambarau, pasiwe na weusi wala ulaini. Ukilazimika kuzimenya mbichi, paka mikono mafuta kwanza au vaa glavu.

Viazi vitamu tukivichoma kwenye jiko la makaa vinaungua nje, ndani ni vigumu. – Msomaji, Kayole

Moto ni mkali mno. Kiazi kitamu kinahitaji kupata joto taratibu, kwa sababu ndani yake kuna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari kati ya nyuzi 60 na 75 hivi. Ukikikimbiza kinapita hapo upesi, kinatoka kikavu na bila utamu. Subiri makaa yafunikwe na jivu jeupe, pasiwe na ulimi wa moto. Chagua viazi vyembamba, virefu, vinavyolingana. Vipange pembeni mwa makaa badala ya katikati, ugeuze kila dakika 10. Vitaiva kwa dakika 45 hadi saa moja. Ukikibana kwa kitambaa kibonyee pande zote. Vile vya rangi ya chungwa vina maji zaidi na vina vitamini A kwa wingi, ila vikichomwa hulegea; sisi tungevipika kwa mvuke.

Sasa tunakuomba jambo moja, na tunakuomba kwa dhati: choma nje. Usiliingize jiko ndani ukafunga madirisha ati nyumba ipate joto. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na huendelea kuitoa hata yakiwa hayatoi moshi. Watu hulala nayo wasiamke. Chumba kimoja cha mabati chenye mlango uliofungwa kinatosha kuua familia nzima. Viazi vikishaiva, jiko libaki nje mpaka lizimike kabisa.

Kashata zangu za karanga zinageuka mchanga. Wakati mwingine zinashikana meno. – Mama, Eastleigh

Mchanga hutokea sukari ikiganda upya, na mara nyingi ni kwa sababu ya kukoroga. Kashata za kunata nazo ni shira iliyotolewa motoni mapema.

Andaa karanga zilizokaangwa na kupurwa maganda, vikombe viwili. Weka sukari kikombe kimoja na maji robo kikombe kwenye sufuria yenye kitako kizito, moto wa wastani. Koroga mpaka sukari iyeyuke tu, tia nusu kijiko kidogo cha maji ya ndimu, kisha weka mwiko chini. Asidi ya ndimu huzuia sukari isirudi kuwa punje. Punje zikigandia ukingoni mwa sufuria zisafishe kwa brashi iliyoloweshwa maji. Shira ikiwa na rangi ya asali, dondosha tone kwenye maji baridi: likivunjika kwa mlio, iko tayari, likivutika, bado. Mwaga karanga na iliki, changanya upesi, tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta na ukate ikiwa moto. Ukichelewa dakika chache itapasuka ovyo. Bado ni sukari, kwa hiyo vipande viwili kwa mtoto vinatosha.

Zichambue karanga kabla ya kuzikaanga. Zilizokunjamana, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zilizo chungu zitupe, usimpe hata kuku. Ukungu huo hutoa sumu ya aflatoksini, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 hapa Kenya, wengi wao upande wa Ukambani.

Uji wangu wa wimbi hauchachi msimu huu. – Msomaji, Ngong

Baridi imewapunguzia kasi bakteria wa kuchachusha. Changanya kikombe kimoja cha unga na vikombe viwili vya maji vuguvugu, tia vijiko vitatu vya mchanganyiko wa zamani uliochacha, funika na ufunge chombo kwa blanketi. Kinachochukua siku moja Februari huchukua mbili au tatu sasa. Onja, ukiwa na ukali wa kupendeza, umimine polepole kwenye vikombe vitatu vya maji yanayotokota huku unakoroga, upike dakika 15. Ukiona utando wa waridi au mweusi juu, mwaga wote, usikwangue tu.

Bisi zangu nusu hazipasuki. – Mwanafunzi, Kahawa

Mahindi yamekauka. Punje hupasuka kwa mvuke wa maji yaliyo ndani yake. Loweka kikombe kimoja cha punje kwa kijiko kidogo kimoja cha maji ndani ya mtungi uliofungwa, tikisa mara kwa mara, ziache siku mbili tatu. Kisha tumia mafuta vijiko vitatu, na uanze na punje tatu: zikipasuka, ndipo umwage zilizobaki.

Mtoto wa chini ya miaka minne asipewe bisi wala karanga nzima, zinaweza kumkaba. Msagie karanga ziwe laini kabisa, umpake kidogo juu ya kiazi kitamu kilichopondwa.