Jike anaruka, dume anachimba: nichukue uzio gani wa muda?

MUULIZE FUNDI

Swali: Shikamoo Fundi. Nina mbwa wawili. Tufani ni jike wa miaka 2, kilo 28, miguu mirefu kama ya mbuzi. Kisiki ni dume wa kilo 7, mfupi, na kazi anayoipenda kuliko zote ni kuchimba. Ukuta wa nyuma wa nyumba tuliyopanga umebomolewa ujengwe upya, na wajenzi wanasema watamaliza baada ya miezi 2. Nataka kuwawekea uzio wa paneli za kuunganisha wapate kukaa uani. Nimeonyeshwa aina mbili. Mmoja ni mwepesi, kimo chake sentimita 80, naubeba kwa mkono mmoja. Wa pili ni mzito, kimo sentimita 120, una paneli 8 zenye upana wa mita 1 kila moja. Muuzaji ananiambia wowote utafaa, nichague rangi tu. Nichukue upi? Na je, naweza kuwaacha humo nikienda kazini?
Mama Tufani

Jibu: Marahaba, Mama Tufani. Huyo anayekuambia uchague rangi hajawahi kufuga mbwa, au mbwa wake ni wa picha.

Chukua ule mzito. Ila usidhani kwamba ukishaufikisha nyumbani kazi imekwisha, kwa sababu mbwa wengi hawatoki kwa kupita juu. Nimechomelea mageti na vizimba miaka 31, na uzio ulioniaibisha kuliko wote ulikuwa wangu mwenyewe. Nilikuwa na jike akiitwa Doria. Nilimtengenezea uzio wa muda wa kimo cha mita 1 na nusu, nikaupaka rangi, nikamwingiza, nikaenda kunawa mikono. Nilipotoka, Doria alikuwa ameketi kizingitini ananisubiri. Uzio umesimama wima, mlango umefungwa. Nikamrudisha, nikajificha nyuma ya tangi la maji kuchungulia. Hakuruka wala hakuchimba. Alikwenda moja kwa moja palipokutana paneli mbili, akaingiza pua chini, akainua. Ile pini ya kuungia ikapanda juu, paneli zikaachana kwa chini, akajipenyeza, nazo zikarudi kama mlango wenye spring'i. Kazi yote haikufika hata dakika 1.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa habari za uzio wa muda, nashika kiungo kwanza. Nenda pale dukani, omba waunge paneli mbili mbele yako, kisha piga magoti uvute sehemu ya chini kwa vidole viwili. Ukipata nafasi ya kupitisha ngumi, pua ya Tufani itapita, na baada ya pua ndiye Tufani mwenyewe. Pini nzuri ni ndefu, inapita kwenye pete kuanzia juu mpaka chini na ncha yake inazama ardhini. Kama pini zao ni fupi, usiukatae uzio kwa hilo tu. Funga kila kiungo kwa waya au kulabu ya kujifunga sehemu tatu: juu, katikati, na kiganja kimoja kutoka ardhini. Hiyo ya chini ndiyo watu huisahau.

Sasa matundu. Wewe una mbwa wa kilo 28 na wa kilo 7 ndani ya uzio mmoja, basi nunua kwa kipimo cha mdogo. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 5. Palipopita kichwa cha Kisiki, mwili utajaribu kufuata, na hatari zaidi ni kichwa kupita na mwili kukwama akiwa peke yake. Fito za wima ni bora kuliko za kulala. Zile za kulala, pamoja na nyavu za kusuka zenye matundu ya umbo la almasi, ni ngazi. Nimeona mbwa akipanda wavu wa namna hiyo hatua kwa hatua, makucha ndani ya matundu, kama mtu anayepanda mnazi. Kuhusu unene wa waya, usichanganywe na namba: geji 14 ni nyembamba kuliko geji 8. Geji 8 ina unene wa karibu milimita 4, geji 14 karibu milimita 2. Mbwa anayetafuna waya mwembamba huupinda, na wakati mwingine huvunja chonge zake mwenyewe.

Umbo nalo lina siri yake. Paneli zako 8 ukizipanga mraba, mbili kila upande, unapata mita za mraba 4, na katikati ya kila upande kuna kiungo kilichonyooka ambacho mbwa akikiegemea kinajikunja kama kitabu. Zipange pembe nane. Eneo linaongezeka mpaka karibu mita za mraba 4.8, na hakuna kiungo hata kimoja kilichonyooka. Hata hivyo zitasogea zikisukumwa, kwa sababu bawaba ni bawaba. Gongelea kigingi cha nondo kwenye kila kiungo, kizame angalau sentimita 30, ukifunge na paneli. Kwenye sakafu ya zege vigingi haviingii. Hapo tumia mifuko ya mchanga kwenye kila mguu, au bora uhamie kwenye udongo.

Lakini ukihamia kwenye udongo, umempelekea Kisiki zawadi. Mbwa mchimbaji haanzi kuchimba katikati ya uwanja. Anaanza pale uzio unapogusa ardhi, kwa sababu ndipo harufu ya nje inapoingilia. Usihangaike kufukia paneli kwa kazi ya miezi 2. Kata wavu mgumu wa upana wa sentimita 50 au 60, ulaze chini upande wa NDANI kuzunguka uzio wote, ufunge kwenye fito za chini, kisha uubane ardhini kwa vipande vya waya vilivyokunjwa. Watu wengi huulaza nje. Ukiulaza nje unamzuia mnyama anayetaka kuingia, na Kisiki yeye anataka kutoka. Funika wavu huo kwa udongo kidogo au matofali bapa ili kucha zisinase, na kunja ncha zote za waya zitazame chini. Ardhi ikiwa na bonde, hata dogo, lijaze kabla ya kusimamisha paneli. Nimewahi kuitwa nikakuta uzio mzuri kabisa umesimama juu ya mfereji wa maji ya mvua, na mwenye mbwa anashangaa kapitia wapi.

Kimo sasa, maana ndicho ulichoniuliza. Sentimita 80 hazimtoshi hata Kisiki akiwa na hasira. Sentimita 120 zinamtosha Kisiki, kwa Tufani ni mtihani. Jike wa kilo 28 mwenye miguu ya mbuzi anaweza kuzivuka akipata sababu, paka tu inatosha. Uliza kama wana paneli za sentimita 180 za mfumo uleule. Kama hawana, chukua hizo za 120 lakini Tufani asiwe humo bila mtu uani. Na chochote unachoweka ndani, banda, ndoo, kiti kibovu, kiwe mbali na uzio zaidi ya mita 1. Ukikisogeza karibu, umemwekea kigoda cha kurukia.

Usijaribu kabisa kutatua jambo la kimo kwa kumfunga mnyororo ndani ya uzio. Akiruka akiwa na mnyororo, atabaki ananing'inia upande wa pili. Sitaki kusema zaidi ya hapo. Kola zinazoning'inia nazo zivue wakiwa humo, zinanasa kwenye fito.

Mlango: komeo la kuinua mbwa huliinua, hasa akiwa na muda. Weka la kusukuma kwa ubavu, kisha pachika kulabu ya kujifunga. Nafasi chini ya mlango huwa kubwa kuliko chini ya paneli, ipime kwa Kisiki, si kwa Tufani.

Kivuli ukitazame saa 3 asubuhi, saa 6 na saa 9, kwa sababu jua halikai mahali ulipoliacha. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anajipoza zaidi kwa kuhema, na akikosa kivuli na maji joto lake hupanda haraka kutoka kwenye 38 au 39 za kawaida. Mbwa wa pua bapa ndio huanza kuzidiwa. Tandaza neti ya kivuli, si turubai zito. Turubai juu ya uzio mwepesi ni tanga la jahazi, upepo ukija unaondoka na vyote. Vyombo vya maji viwe viwili, kimoja kimefungwa kwenye fito, maana kuna mmoja kati ya hao wako atapindua.

Kuhusu kwenda kazini, hapana. Uzio wa muda ni wa saa 1 au 2 mtu akiwa nyumbani na dirisha liko wazi. Mbwa aliyeachwa kutwa anapata kitu ambacho uzio huo haukujengwa kushindana nacho, nacho ni muda. Ukienda kazini wawe ndani ya nyumba, na watembezwe kabla hujaondoka.

Ukimaliza kuusimamisha, ingia wewe mwenyewe, funga mlango, tambaa kuuzunguka wote ukisukuma kwa bega kila kiungo. Majirani wacha wacheke. Kisha waingize mbwa, rudi ndani, ujifiche mahali unapowaona wao wasikuone. Kaa robo saa. Watakuonyesha penye kasoro kuliko mimi nitakavyokuandikia.

Swali: Fundi, nimepata bure neti ya plastiki, ile ya machungwa wanayozungushia sehemu za ujenzi. Inafaa kwa mtoto wa mbwa wa miezi 4?

Jibu: Inafaa kumwonyesha mpita njia kwamba kuna shimo. Mtoto wa miezi 4 anabadilisha meno, anatafuna kila kitu. Ataikata, na vipande atavimeza. Irudishe.

Swali: Jike wangu ameingia kwenye joto. Nikimweka ndani ya uzio wa wavu atakuwa salama na madume ya mtaani?

Jibu: Mwanangu, wavu mmoja hauzuii. Madume huchimba kutoka nje, hupanda, na mbwa wameshapandana wavu ukiwa katikati yao. Mweke ndani ya nyumba kwa wiki 3 hivi, umtoe kwa kamba ukiwa umeishika mwenyewe. Na huyo jike, kabla ya kipindi kijacho, zungumza na daktari wa mifugo habari ya kumfunga uzazi.