Trela, msitu na mto unaonguruma: ushauri kwa wanaoanza Jay Cooke

Mei ikifika, wenzetu wa Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, na mitaa ya jirani huanza kuulizana wapi wapeleke watoto shule zikifungwa, na kama kukodi trela ya kulala ni jambo la kujaribiwa na mtu ambaye hajawahi kuvuta chochote. Jibu langu ni ndiyo, na mahali pa kuanzia ni Jay Cooke, hifadhi ya jimbo la Minnesota iliyo nje ya mji mdogo wa Carlton, karibu na Duluth. Ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi kutoka Minneapolis. Ilianzishwa mwaka 1915, na mto St. Louis hupita katikati yake ukielekea ziwa Superior, ukijipiga kwenye majabali meusi yaliyoinama ubavu, ya umri wa miaka bilioni 1.9 hivi. Maji yake yana rangi ya chai ya rangi kwa sababu hutoka kwenye vinamasi vya juu, ambako mimea huyatia rangi. Si uchafu, watoto wasiogope.

Nafasi za kulala hufunguliwa siku 120 kabla ya tarehe ya kufika. Majuma ya majani kubadilika rangi, kuanzia mwisho wa Septemba, hujaa upesi kuliko hata Julai. Unapohifadhi utaulizwa urefu wa trela. Toa urefu wote, pamoja na ule mkono wa chuma wa mbele unaoshika gari, maana wakodishaji wengi hutaja chumba peke yake. Chagua kiwanja chenye umeme, kwa kuwa si vyote vinao, na usitarajie bomba la maji wala la maji taka hapo ulipoegesha. Katika hifadhi nyingi za jimbo hili maji hujazwa na kumwagwa sehemu moja ya pamoja. Ada ya kulala ni kando na kibali cha gari, ambacho kipo cha siku moja na cha mwaka mzima. Mwenye nia ya kurudi achukue cha mwaka.

Kuhusu njia: toka barabara kuu ya I-35 kwenye tokeo namba 235, pita Carlton, ushike barabara ya 210. Ramani ya simu inaweza kukuingiza kwa upande wa pili, kupitia barabara ya 23. Huko kuna kona na miinuko ambayo sitaki uijue siku yako ya kwanza ya kuvuta trela.

Kabla hujatoka nyumbani, ukishapakia, angalia uzito umekaa wapi. Uzito unaolalia kiungio cha gari uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela yote. Ukirundika masufuria, maboksi ya soda na mifuko ya mkaa nyuma kabisa, sehemu ya mbele huwa nyepesi na trela huanza kuyumba barabarani. Ikiyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala usipambane na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, na kama gari lina kitufe cha breki za trela peke yake, kibonyeze taratibu. Tangi la maji safi liache karibu tupu hadi ufike, kwani galoni 40 za maji zina uzito wa kilo 150 hivi, na maji mazuri yapo hifadhini. Soma pia tarakimu nne za mwisho za ile namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: mbili ni wiki, mbili ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi la trela huzeeka likiwa limesimama, na lililopita miaka sita mimi silipeleki barabara kuu hata kama kashata zake zingali mpya. Mwambie mwenye trela abadilishe au utafute nyingine.

Fika mchana. Hili nalisisitiza kuliko yote. Msituni giza huingia mapema, na kupiga rivasi katikati ya miti ndiyo kazi ngumu kuliko zote za safari hii. Shika usukani kwa chini kabisa: mkono wako ukienda kushoto, nyuma ya trela huenda kushoto. Nenda polepole sana. Anayekuelekeza asimame pale unapomwona kwenye kioo, na akipotea kiooni, simama mpaka aonekane tena. Msitegemee kupaza sauti. Injini inanguruma, mto unanguruma, na "njoo" na "ngoja" zikifika sikioni zimeshachanganyika. Kubalianeni ishara za mkono mkiwa bado nyumbani: ya kuja, ya kwenda kulia, ya kushoto, na moja ya kusimama ambayo hata mtoto akiitoa inatiiwa. Halafu ushuke uangalie mwenyewe, juu na chini. Wengi huangalia kisiki wakasahau tawi.

Ukishaingia, mpangilio ni huu, na usiupindue. Kwanza weka pimamaji sakafuni uone kama trela imelala upande. Kama imelala, endesha tairi za upande wa chini juu ya vibao. Pili, tia kabari magurudumuni, mbele na nyuma. Ndipo ufungue kiungio na kulitoa gari, kisha usawazishe mbele na nyuma kwa jeki ya mbele. Zile jeki ndogo za kona ni za kuzuia mtikisiko, hazikutengenezwa kuinua trela. Kusawazisha ni zaidi ya usingizi mzuri: friji nyingi za trela zinazotumia gesi hazigandishi sawasawa zikiinama, na huweza kuharibika kabisa.

Umeme nao. Plagi ya ampea 30 hapa ni ya volti 120, yaani wati 3,600 kwa ujumla. Kiyoyozi kinakula 1,500 hivi, birika la umeme linakula kiasi hichohicho, na maikrowevu haiko mbali. Vikiwashwa vyote pamoja, swichi inajizima. Chai na ugali pikia gesi, kiyoyozi kibaki na umeme wake. Na lile birika ulilokuja nalo kutoka Nairobi, la volti 240, liache nyumbani. Zima swichi ya kwenye nguzo ya umeme ya kiwanjani kabla ya kuchomeka, washa baadaye, na weka kifaa cha kukinga dhidi ya umeme unaopanda ghafla kati ya nguzo na trela. Mtungi wa gesi ufungwe gari linapotembea. Usiku king'ora cha kaboni monoksaidi lazima kiwe kinafanya kazi, kibonyeze ukisikie mwenyewe. Na jiko la mkaa haliingii ndani, hata kama baridi ni kali na mkaa umebaki majivu. Kaboni monoksaidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Sasa mto wenyewe. Watu wetu wengi hawajui kuogelea, na hata anayejua hafai kuingia hapa. Mawe huteleza yakiwa na maji, mkondo una nguvu, na juu kidogo kuna bwawa la umeme la Thomson, lililojengwa mwaka 1907, hivyo kina kinaweza kubadilika bila mvua yoyote kunyesha ulipo. Juni 2012 mvua kubwa ilishuka Duluth na vitongoji vyake, na mto huu ukabomoa sehemu kubwa ya daraja la kuning'inia, hapo ambapo la kwanza la aina hiyo lilijengwa mwaka 1924. Lilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 2013. Simama katikati ya daraja hilo na watoto, uwaonyeshe maji yanavyopita kwa kasi chini yenu. Wataelewa kuliko ukiwahubiria.

Kwa mtoto mdogo, sheria yangu ni mshike mkono kila mnapokuwa karibu na maji. Kwa wakubwa, nunua filimbi, kila mmoja na yake shingoni. Karibu na maporomoko, mama anaweza kuita jina la mwanawe akiwa hatua chache tu na mtoto asisikie neno, filimbi husikika. Mlio mmoja, rudi kwa mama. Mitatu mfululizo, nina shida. Na kila siku kuwe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni watoto tu, hashiki nyama wala simu. Nimeona tukikusanyika familia nne kila mtu akidhani mwenzake anatazama, na hapo ndipo pana hatari.

Dubu weusi wapo. Hawana shida nawe, wana shida na nyama choma. Vyakula, mafuta ya kupikia, dawa ya meno na taka usiviache mezani; vifungie ndani ya gari au trela, hata mchana mkienda kutembea. Kupe ni wa kuogopa zaidi, kwa kuwa wengine hubeba ugonjwa wa Lyme. Vaa soksi juu ya suruali na kagua watoto jioni, hasa nyuma ya masikio na kwapani. Kuni usije nazo kutoka nyumbani. Nunua zilizoidhinishwa huko huko, kwani kuna mdudu mdogo wa kijani anayeua miti ya eshi, aliyeonekana Minnesota mwaka 2009, na husafiri ndani ya kuni za watu. Saa nne usiku kelele zikome, pamoja na gumzo letu na muziki.

Siku ya kuondoka, vaa glavu. Valvu ya tangi la choo iwe imefungwa muda wote wa kambi, ili maji na uchafu vitoke kwa pamoja na kwa nguvu. Ikiachwa wazi, maji huondoka na kigumu hubaki. Mwaga la choo kwanza, kisha lile la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, ili hayo yasafishe mpira uliopitisha ya kwanza. Mpira huo usikaribiane kamwe na ule wa maji ya kunywa. Weka kila mmoja kwenye kasha lake. Kama trela ni yako na si ya kukodi, baada ya safari ya Oktoba toa maji yote kwenye mabomba na pampu, kisha upitishe ile dawa ya waridi ya kuzuia kuganda, iliyo maalumu kwa mabomba ya maji ya kunywa na si ya injini, mpaka uione ikitoka kwenye kila bomba na chooni, kwa kuwa baridi ya hapa hupasua plastiki usiku mmoja.