Maswali na Majibu: Mmisionari Anajifunza Lugha, na Krismasi Imefika

Kila Desemba barua za aina hii huongezeka. Wamisionari walioanza kozi ya Kiswahili mwezi Septemba hupelekwa parokiani na kwenye familia kwa ajili ya sikukuu, na huko maswali huzuka kwa mgeni na kwa wenyeji wake. Tumechagua machache.

Katekista, Mwanza: Tumeletewa padri mwenye miezi mitatu tu ya Kiswahili. Paroko anataka aongoze Misa ya usiku wa Krismasi na kuhubiri. Zimebaki siku kumi na mbili. Nimsaidieje?

Katekista, kabla ya kumfundisha lolote, mwone paroko. Injili za Misa za Krismasi hazilingani ugumu. Ya usiku ni Luka 2:1-14, na mistari yake ya mwanzo imesongamana majina ya watawala na miji. Ya mchana ni Yohana 1:1-18, ambayo hata msomaji mzoefu huiandaa. Ya alfajiri ni Luka 2:15-20, mistari sita tu, nayo ni ya vitendo: wachungaji wanakwenda, wanamkuta mtoto, wanarudi wakimtukuza Mungu. Ombeni mgeni apewe alfajiri. Kumwanzishia kwenye usiku wenye kanisa lililofurika hadi uwanjani ni kumwonea.

Siku tatu za mwanzo asisome. Tafuta msomaji mwenye sauti tulivu, mrekodi kwa simu, na mgeni asikilize mara tatu asubuhi na mara tatu jioni. Mara ya kwanza bila kutazama maandishi. Akianza na karatasi atasoma kwa matamshi ya kwao, na kosa likishakaa ulimini kulitoa ni kazi.

Siku ya nne hadi ya sita, mchapishieni somo kwa herufi kubwa, achore mkwaju (/) kwa penseli kila mahali pa kuvuta pumzi. Hapo mweleze -ka- ya masimulizi, kwa sababu darasani huenda ameishia kwenye -li- na -na-. Tumia asubuhi yake mwenyewe: niliamka, nikanawa, nikanywa chai, nikaja. Neno "hori" usilitafsiri. Mpeleke kwenye banda la ng'ombe la jirani, aone chombo cha kulishia na ashike ukingo wake.

Matamshi yanayowashinda wengi ni haya. "Mtoto" ina silabi tatu, m-to-to, si mbili. "Ng'ombe" isomwe kwa ng' ya puani. Wakishajifunza "ngoma" huichanganya. "Mkombozi" ni silabi nne, na mkazo unaangukia ya pili kutoka mwisho, yaani "mbo".

Siku nne zinazofuata afanye mazoezi kanisani kwenye maikrofoni yenyewe, wewe ukiwa benchi la mwisho. Akisikia mwangwi wa sauti yake ataanza kukimbia. Mwinulie mkono kila anapokimbia. Siku mbili za mwisho asome mara moja kwa siku, basi.

Mahubiri yawe sentensi nane, kila moja isizidi maneno kumi, aziandike mwenyewe kisha wewe usahihishe. Tazama hasa "zaa" na "zaliwa". Wanafunzi wengi husema "Yesu amezaa leo", na waumini wakicheka, mgeni hupoteza ujasiri kwa wiki nzima. Dawa yake: kabla ya sikukuu awaulize watu ishirini wa parokia, "Ulizaliwa wapi?" Kufikia wa ishirini, "zaliwa" haitamtoka tena.

Mama mwenyeji, Dodoma: Tunakaa na bruda kutoka Poland kwa wiki mbili. Binti zangu wanamwongelesha Kiingereza. Akikosea Kiswahili nasita kumsahihisha. Mezani anasema "sitaki" kwa sauti kavu, na jioni anajifungia chumbani.

Mama, msahihishe kwa kurudia, usimkatize. Akisema "kitabu yangu iko wapi", mjibu tu, "Kitabu chako kiko mezani." Sikio lake litashika. Chagua kosa moja kwa siku, mengine yaache yapite. Anayesahihishwa kila neno hunyamaza. Hiyo "sitaki" si kiburi, ni tafsiri ya neno kwa neno. Mpeni "Nimeshiba, asante" na "Nipunguzie kidogo", azitumie siku hiyo hiyo.

Kuhusu Kiingereza, wekeni saa. Tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana kisisikike kabisa. Jioni binti wakitaka, nusu saa. Kukipiga marufuku kutwa hakufai, kwa sababu kufikia alasiri kichwa cha mwanafunzi kimechoka na atakimbilia chumbani. Huenda ndiyo sababu moja ya kujifungia kwake. Nyingine yaweza kuwa Kigogo: bibi akibadili lugha katikati ya mazungumzo, mgeni hudhani Kiswahili chote alichosoma kimepotea. Mwambieni wazi, "Sasa tunaongea Kigogo."

Mahali pazuri pa kumfundishia ni jikoni, siku ya pilau. Kauli ya kutendea huwasumbua wanafunzi darasani kwa wiki kadhaa. Jikoni ataisikia mara mia kabla ya adhuhuri: nishikie, nikatie, nichotee, niletee, nifunikie. Mpe kisu na vitunguu; kwa kilo mbili za mchele, vikubwa vinne au vitano. Amenye, akatekate, avikaange mpaka viwe vya kahawia, na umweleze hapo hapo kwamba rangi ya pilau inatoka kwenye vitunguu hivyo, vikiungua pilau itakuwa chungu. Atwange kitunguu saumu na tangawizi. Achambue mchele kwenye ungo. Mwonyeshe "bandika" na "epua" kwa sufuria ile ile, kupanda na kushuka, na "palia" kwa makaa yanayowekwa juu ya mfuniko. Kama kuna wali wa nazi pia, mwonye mapema kwamba "mbuzi" ya kukunia nazi siyo yule aliyefungwa nyuma ya nyumba. Vitenzi kumi vilivyopita mikononi mwake atavikumbuka kuliko hamsini vya ubaoni.

Jambo la mwisho, Mama. Kwa Wapoland mlo mkuu wa Krismasi ni jioni ya tarehe 24, bila nyama, nao huanza kwa kumegeana mkate mwembamba kama hostia huku wakitakiana heri. Kwenu jioni hiyo ni pilikapilika za maandalizi na kwenda kanisani, kwa hiyo ataona saa yake kuu inapita kimya. Mketisheni robo saa, mmuulize kwa maneno anayoyajua: "Kwenu jioni ya leo mnakula nini? Nani anapika?" Msimuulize "mngekuwa mnafanya nini", kwa sababu -nge- bado hajafika, na swali asilolielewa usiku huo litamwumiza zaidi.

Sista mwanafunzi, Musoma: "Neno" ni la ngeli ya LI-YA. Mbona katika Injili ya Yohana ni "Neno alikuwako" na "naye Neno"?

Sista, umesoma kwa makini. Hapo Neno ni nafsi, ni Kristo mwenyewe, kwa hiyo watafsiri wamempa upatanisho wa kiumbe hai. Ndivyo tunavyosema "malaika akamwambia" ingawa umbo la neno halianzi kwa m-. Usilirekebishe liwe "lilikuwako" unaposoma. Wasikilizaji watasikia neno la kawaida la mdomoni, na maana yote ya mstari itaanguka.

Mwalimu wa lugha, Morogoro: Tunafunga wiki mbili na wanafunzi hurudi wamesahau. Wengine wanakwenda Unguja.

Unguja ni pazuri, lakini hotelini ufukweni watahudumiwa kwa Kiingereza au Kiitaliano. Wapangie asubuhi mbili za mjini. Kwanza Kanisa Kuu la Kianglikana, Mkunazini: jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa la mahali hapo lilipofungwa. Linahusishwa na Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuchapisha mwaka 1870 kitabu cha sarufi pamoja na hadithi alizosimuliwa na wenyeji. Kiunguja, lahaja ya wenyeji hao, ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kisha watembee hadi soko la Darajani, dakika chache kwa miguu, wanunue vitu vitano kwa kuuliza bei, kupunguziwa na kuaga. Warudi na sentensi kumi walizozisikia, zimeandikwa kama zilivyosemwa.

Sista Mtanzania, Perugia: Nimetumwa Italia, najifunza Kiitaliano. Krismasi inakaribia na bado naogopa kufungua kinywa.

Sista, Kiswahili chako kinakusaidia kwenye irabu, zinakaribiana sana. Kinakuponza mahali pawili. Kwanza mkazo: sisi huuweka silabi ya pili kutoka mwisho, lakini Gesù, città na felicità hukaziwa mwisho kabisa. Pili, konsonanti mbili: "pena" ni adhabu, "penna" ni kalamu, ulimi ushike n kidogo kabla ya kuiachia.

Hudhuria novena ya Krismasi tangu tarehe 16 Desemba. Sala nyingi hurudiwa jioni tisa mfululizo. Ya tano utakuwa unaitikia bila kitabu. Salamu ya heri kwa mzee au mtu usiyemzoea ni "Le auguro buon Natale". Kwa sista mwenzako ni "Ti auguro". Ukizichanganya kwa mzee, ni kama kumpa "mambo" mtu wa shikamoo. Wakikuambia "Auguri!", jibu ni "Grazie, altrettanto", yaani nawe pia, na hapo t zile mbili za katikati zishike kwanza, kisha uachie.