Jibu: Ndege wa safari wanaoingia Mombasa kabla ya kaskazi

Kaka wa Kisauni, umesema una darubini, huna gari, na kila ukienda ufuoni asubuhi unakuta kunguru na yangeyange tu. Ukauliza kama ni kweli kuna ndege kutoka Ulaya na Asia wanaoingia hapa kati ya Septemba na Novemba. Wapo, tena wengi, na baadhi yao huanza kufika Agosti. Mimi ni mzaliwa wa hapa na nimewafuata ndege hawa kwa miaka, kwa matatu na kwa miguu. La kwanza ningekuambia: soma jedwali la maji kujaa na kupwa kabla hujatoka nyumbani.

Ndege wa pwani wanaotoka kaskazini hula juu ya tope na mchanga unaobaki wazi maji yakipwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, na yakipwa ufuo hufunuka mpaka karibu na mwamba. Ndege wote wametawanyika huko mbali, na ukitazama kwa darubini ya kawaida unaona vidoa vinavyotembea. Siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa karibu saa kumi na nusu jioni. Wewe ukienda saa mbili asubuhi, unawakuta wakikuacha. Nenda saa nane mchana, ukae kimya mahali pamoja. Maji yanapopanda yanawasukuma hatua kwa hatua mpaka wanakusanyika kwenye kipande kidogo cha mchanga au juu ya mawe, karibu nawe. Upande wa bahari kuu, yaani Nyali, Bamburi na Shanzu, alasiri jua liko mgongoni mwako na rangi zinaonekana vizuri. Asubuhi linakupiga usoni na kila ndege anaonekana mweusi. Siku za maji mafu, yasipopanda wala kushuka sana, mimi huacha ufuo kabisa, nikaenda kwenye miti.

Sasa, nani hasa wanakuja? Anza na vitwitwi. Mmoja ana mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, na jina lake la kitaalamu ni Calidris ferruginea. Huzaa Siberia, kaskazini kabisa kwenye nyanda zisizo na miti. Wazima hutangulia kuondoka huko, ndiyo maana mwanzoni mwa Agosti unaweza kuwakuta hori ya Tudor wakiwa bado na mabaka ya rangi ya matofali tumboni. Makinda ya mwaka huo hufuata baadaye, Septemba na Oktoba, bila mzazi wa kuwaongoza. Hebu fikiria: ndege ambaye hata nusu mwaka hajatimiza, mwenye uzito wa gramu hamsini na kitu, amekata Asia nzima na kuteremka kwenye tope la Mikindani ambalo hakuna aliyemwonyesha. Utamtambua kwa manyoya ya mgongo, kila unyoya una ukingo mweupe kama magamba ya samaki, na kifua kina wekundu hafifu sana. Kila Oktoba ninapomwona wa kwanza husimama nikamtazama kwa muda mrefu kuliko ninavyomtazama ndege mwingine yeyote.

Pamoja naye utamwona sululu, mkubwa, mdomo mrefu uliopinda, na huyo hupenda kutua juu ya mikoko maji yakijaa. Kuna mwingine ambaye mdomo wake umepinda kwenda juu na miguu yake ni ya manjano, Xenus cinereus, anayekimbia ameinama kufuata kaa wadogo. Ukishamwona akikimbia mara moja hutamchanganya na mwingine. Kitwitwi wa kijivu, Pluvialis squatarola, akiwa amesimama hana la ajabu, lakini akiruka tazama kwapa: ni nyeusi tii, na hakuna wa aina yake hapa kwetu mwenye alama hiyo. Na yule mdogo anayetikisa mkia bila kupumzika kwenye mawe chini ya Fort Jesus ni Actitis hypoleucos, mgeni pia, ingawa wengi humdhania wa hapa kwa sababu haogopi watu.

Kuna ndege mmoja ambaye kwa ajili yake nakuomba ulipe nauli ya kutoka Mombasa. Ni mla kaa, Dromas ardeola, mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi. Panda matatu ya Malindi ushuke Mida, kabla ya Gede, uende kwenye hori ya Mida. Huzaa kwenye visiwa na fukwe za Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi, Omani na Somalia, na kiota chake ni shimo refu analochimba mchangani, ambamo hutaga yai moja jeupe. Hori ya Mida huwapokea kwa mamia. Tofauti na yule kinda wa Siberia, mtoto wa mla kaa husafiri na wazazi wake, na hata akishafika huku anaendelea kulishwa kwa miezi. Utamsikia akilia kuomba kaa, mwili wake tayari ni mkubwa sawa na wa mzazi aliye mbele yake. Kuwatazama makinda hawa wawili katika msimu mmoja, mmoja aliyekuja peke yake na mwingine ambaye bado analishwa, kumenifundisha mambo mengi kuhusu uhamaji.

Mahali pa karibu kwako ni Tudor. Daraja jipya la Makupa lilipofunguliwa 2022 na tuta la zamani likaondolewa, maji yalianza tena kupita kati ya Tudor na Port Reitz, na mimi napafuatilia kwa hamu. Upande wa Port Reitz, tope la Mwache ni pana na lina ndege wengi, lakini nenda na mwenyeji, mvuvi au mkata chaza, kwa sababu tope lile linameza mguu na maji hurudi haraka. Na tafadhali, usinyanyue darubini wala kamera kuelekea kivuko cha Likoni, bandari au kambi ya wanamaji ya Mtongwe. Askari hatajali kwamba unatafuta buabua.

Tukija kwenye miti na nyaya. Kuanzia Oktoba, ukisafiri barabara ya Nairobi, tazama nyaya baada ya Mariakani: kambu wa Ulaya, Coracias garrulus, kichwa na kifua vya buluu, mgongo wa hudhurungi. Kambu wetu wa hapa ana kifua cha zambarau na manyoya mawili marefu yaliyochomoza mkiani, huyu mgeni hana. Keremkerem wekundu nao huja pwani msimu huu. Hao hawatoki Ulaya, wanatoka kaskazini humu humu Afrika, na jioni utawaona wakipita makundi makundi kwenda kulala kwenye mikoko. Katika bustani za Nyali na Haller Park tafuta kijindege wa kijivu asiye na makuu, Muscicapa striata: hukaa kwenye tawi tupu, huruka akadaka mdudu, akarudi tawi lile lile.

Na kunguru uliowalalamikia, watumie. Wanapopiga kelele ghafla na kupanda juu pamoja, inua macho. Mara nyingi wanamfukuza kozi au mwindaji wa samaki, Pandion haliaetus, ambaye naye huingia miezi hii. Oktoba na Novemba jioni unaweza kumpata kozi wa kijivu, Falco concolor, anayetoka nchi za Kiarabu kwenda Madagaska. Mimi ndege wengi wa jamii ya kozi nimewapata hivyo, kwa masikio kwanza.

Mwisho wa Novemba, mawingu ya vuli yakitanda na upepo ukigeuka kuwa kaskazi, subiri kozi wa Amur, Falco amurensis. Huzaa mashariki ya Urusi na kaskazini ya Uchina, hupumzika kaskazini-mashariki ya India, kisha hukata Bahari ya Hindi moja kwa moja mpaka upande huu wa Afrika, zaidi ya kilomita 3,000 bila pa kutua. Uzito wao ni kama gramu 150. Wakati huo huo kereng'ende wa aina ya Pantala flavescens nao huvuka bahari hiyo. Mwanabiolojia Charles Anderson alieleza mwaka 2009 jinsi wanavyopitia Maldivi kwa msaada wa pepo za msimu huu, na inadhaniwa kwamba kozi hula kereng'ende hao njiani. Kwa hiyo ukiona kereng'ende wamejaa juu ya uwanja baada ya mvua, usiingie ndani ya nyumba, tazama juu. Mwaka 2012 huko Nagaland, India, kozi hawa walinaswa kwa nyavu kwa makumi ya maelfu ili waliwe. Mwaka uliofuata wanavijiji wenyewe waliacha na wakageuka walinzi wao. Wanaofika kwetu leo wamepita mikononi mwa watu wale.

Wapo pia wanaopita usiku bila sisi kujua. Njia yao kubwa iko bara. Ngulia, loji iliyo mbugani Tsavo Magharibi, tangu 1969 watafiti huwanasa kwa nyavu nyembamba, wakawavisha pete na kuwaachia, hasa Novemba na Desemba usiku usio na mbalamwezi, ukungu unapofanya taa za loji ziwavute.

Ombi moja kwako na kwa wote wanaosoma. Maji yakijaa, ndege waliokusanyika kwenye mchanga wanapumzika na kutunza mafuta ya safari, na wengine wanabadilisha manyoya. Kuwarusha ili upate picha, au kuacha mbwa awakimbize, kunawatoa nguvu ambayo hawana pa kuirudisha mpaka maji yapwe tena. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo kwa kucheka na inaniuma sana. Kaa hatua nyingi nyuma, uchutame, waache waje wenyewe.

Unachoona kiandike: tarehe, saa, hali ya maji, mahali. Kipeleke eBird au Kenya Bird Map, mitandao ya kukusanya kumbukumbu za ndege, kwa sababu upande wa Mombasa wanaoandika ni wachache kuliko Watamu. Ukiona ndege mwenye pete au kibendera cha rangi mguuni, andika ni mguu wa kulia au wa kushoto, juu ya goti au chini, rangi zikifuatana kutoka juu kwenda chini, na herufi kama zinasomeka. Piga picha hata kama ni mbaya, uiweke hapa, tutakusaidia kumpata aliyemvisha.