Kiangazi cha Dodoma na Mbuyu wa Nyuma ya Nyumba

Nilihamia Dodoma Agosti 2017, kipindi kile serikali ilipokuwa ikihamisha watumishi wake kutoka Dar es Salaam. Mimi ni mtoto wa Muheza, mkoani Tanga. Kwetu ukichomeka kijiti cha muhogo na kugeuka, ukirudi kimeshachipua. Nikapanga chumba na sebule upande wa Nkuhungu, na nyuma ya nyumba palikuwa na mbuyu mmoja mnene, mwekundu kwa vumbi, hauna jani hata moja. Nikadhani umekufa. Nikamuuliza mama mwenye nyumba, bibi wa Kigogo aliyeshapita miaka sabini, kwa nini hawaukati kabla haujawaangukia.

Akanitazama kwa huruma kweli. "Huo umelala, mjukuu wangu. Na wewe ungelala kidogo."

Sikumwelewa. Naandika kwa sababu kila mwaka naona wageni wapya, wanafunzi wa vyuo na watumishi, wakipitia yale yale niliyopitia, na hakuna anayewaambia kitu.

Mwezi wangu wa pili hapa midomo ilipasuka, pua ikawa inatoka damu asubuhi nikijipangusa, na kila ikifika saa nane mchana kichwa kinagonga. Nilikunywa dawa za maumivu kama karanga. Bibi ndiye aliyegundua, kwa kuniangalia tu ninavyoishi: chai vikombe vinne kwa siku, maji labda glasi mbili. Kwa nini sikuona kiu? Kwa sababu Muheza jasho linakulowesha mgongo, unajua umepoteza maji, unakunywa. Dodoma hewa ni kavu kiasi kwamba jasho linapotea kabla hujalihisi. Unakauka huku shati lako likiwa kavu. Mvua ya hapa kwa mwaka mzima ni kati ya milimita 500 na 600 hivi, karibu yote kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni jua na upepo. Kwa hiyo usingoje kiu. Mimi naweka chupa ya lita moja mezani kazini na lazima iishe kabla ya chakula cha mchana, kisha naijaza tena. Maumivu ya kichwa yaliisha ndani ya wiki moja.

Pua ikitoka damu, usiinamishe kichwa nyuma kama wengi tulivyofundishwa utotoni. Kaa, inama mbele kidogo, bana sehemu laini ya pua kwa dakika kumi bila kuachia, pumua kwa mdomo. Damu isipokata baada ya kurudia mara mbili, nenda hospitali. Usiku mimi hupaka mafuta mepesi ndani ya pua kwa ncha ya kidole, hasa Juni na Julai upepo unapovuma na baridi inashuka hadi nyuzi 13 au 14. Ndiyo, Dodoma ina baridi. Njoo na sweta.

Sasa nirudi kwenye mbuyu, maana ndiko nilikotaka kufika.

Bibi hana kalenda ukutani. Mwaka wake anausoma kwenye mti ule. Majani yakianza kupukutika, mavuno ya uwele na mtama yako ghalani, na sasa ni zamu ya harusi, jando, ngoma na kutembelea ndugu waliokaa mbali. Mabuyu yakikauka na kugonga kama madebe upepo ukipita, ni wakati wa kuyaangua. Kisha, Oktoba, jua linapita utosini kabisa, ardhi imepasuka, ng'ombe wamebaki mbavu, na katikati ya ukame huo mbuyu unatoa majani mapya. Hakuna hata tone lililodondoka! Nilisimama pale na kikombe changu nikishangaa. Bibi akacheka: "Ulidhani lile tumbo ni la bure?" Shina la mbuyu hubeba maji, na mti hutumia akiba hiyo kuchipua kabla mvua hazijaanza. Ulikaa miezi yote ile bila jani, hautumii kitu, ili uwe na cha kuanzia.

Nilikua nikiambiwa mbuyu ni nyumba ya majini, usipite chini yake saa sita mchana. Sijui mtoto gani wa mikoa ya pwani hakuambiwa hivyo. Hapa wazee wanafanyia vikao chini yake, na mbuzi wanacheua kwenye mizizi. Imenichukua muda kuzoea kukaa pale, lakini sasa ndipo ninapopumzikia.

Jioni moja ya Novemba bibi aliniita nione ua likifunguka. Chipukizi lilikuwa limening'inia kwenye kikonyo kirefu, la kijani, kubwa kama yai la bata. Giza lilipoanza kuingia, ganda likapasuka kwa chini, vipande vikajikunja kuelekea juu, na petali nyeupe zikatokeza, zimekunjamana kama kitambaa kilichotolewa sandukuni. Ukinyamaza unaliona likisogea. Harufu yake si ya uturi, inafanana na maziwa yaliyoanza kuvunda, na hiyo ndiyo inayowaita popo wanaokuja usiku kulichavusha. Kesho yake lilikuwa limeanza kubadilika rangi, na jioni likawa chini kwenye vumbi. Tulikaa pale karibu saa nzima, sikushika simu. Usiku ule nilipata usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nihame.

Tangu hapo nimepanga mwaka wangu kwa kufuata mti. Agosti hadi Novemba sianzishi jambo kubwa. Sijiandikishi masomo ya jioni, sijengi, sichukui kazi za ziada. Naamka saa kumi na moja alfajiri, natembea kabla ya saa moja jua halijakaza, na mchana nikipata nafasi nalala nusu saa. Mradi wenye jasho nauweka Januari. Najua si kila mtu ana ajira inayomruhusu. Lakini hata mama lishe na bodaboda wanaweza kuchagua saa za kivuli, na wengi wenyeji tayari wanafanya hivyo.

Chakula nacho kina majira yake. Machi, mlenda unapojaa mashambani, bibi huuchuma, huuanika na kuutwanga, unakaa kwenye chungu hadi mvua nyingine. Anachemsha maji na magadi kidogo (mwenye shinikizo la damu apunguze sana), nyanya na kitunguu, ananyunyiza unga wa mlenda taratibu huku akipekecha, mwisho karanga zilizosagwa. Usifunike, utafurika jikoni. Ugali wa uwele na mlenda kwa mtu ambaye koo limekauka kwa vumbi unateleza wenyewe.

Na ubuyu. Mimi niliujua ule wa rangi nyekundu wenye sukari na pilipili. Wa hapa ni mweupe, mchachu, hauna kitu kingine, na una vitamini C kwa wingi. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, sugua kwa mwiko mpaka mbegu zibaki safi, chuja. Usiuchemshe, moto unaharibu hiyo vitamini.

Wenye watoto wadogo, sikieni hili: kiangazi ni msimu wa nzi na macho mekundu. Trakoma, wengine huita vikope, imesumbua mkoa huu miaka mingi, na huko Kongwa watafiti walionyesha kuwa kumwosha mtoto uso mara kwa mara kunasaidia kuizuia. Maji yakiwa ya kununua kwa dumu, watu hubana matumizi hapo kwanza. Kikombe kimoja kinatosha uso wa mtoto. Kitoe.

Kuhusu moyo: Oktoba yangu ya kwanza nililia sana. Kila kitu ni kahawia, nyumbani mbali, upepo unapiga mabati usiku kucha. Ukijiona hivyo, toka, tafuta wenyeji, jifunze kusema "mbukwa", salamu ya Kigogo, na uone nyuso zinavyofunguka. Huzuni ikikushika zaidi ya wiki mbili, huli wala hulali, nenda ukamwone daktari. Hilo ni ugonjwa na lina tiba.

Mvua zikianza, shusha chandarua, na usivuke korongo lenye maji hata likionekana la magotini.

Bibi mwaka huu ameshindwa kupanda kilima cha kwenda shambani, kwa hiyo ananituma mimi. Jana jioni nimemletea mabuyu sita kwenye kanga. Ameyagonga moja moja kwa kifundo cha kidole akisikiliza, akatenga mawili pembeni na kusema hayo bado, niyaache juani siku tatu.