Kabla hujataja asilimia, sema asilimia ya nini

Wiki hii nimewaona wadogo zangu wawili wakielekea shimo lilelile nililotumbukia mimi. Mmoja kakubali kuuza santuri 600 za mtu kwa asilimia 10, eti ni jamaa yake. Mwingine anataka nusu ya kila kitu, hata ya santuri adimu ambayo wanunuzi wanaigombania. Nawapenda nyote, lakini jamani, pigeni hesabu kwanza!

1. Hesabu saa zako. Kuosha, kuijaribu kwa sindano pande zote mbili, kusoma namba zilizochongwa karibu na lebo ili ujue ni toleo lipi, kupiga picha, kupanga daraja la hali yake: dakika 15 kwa kila moja si nyingi. Kwa santuri 600 hizo ni saa 150, na hujafunga kifurushi hata kimoja.

2. Sema asilimia ya nini. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipomuumiza mtu.

Mama mmoja mjane alinikabidhi mali kauli santuri za marehemu mumewe. Tukakubaliana "ishirini kwa mia", basi. Sikuandika kitu. Nikawa nakata 20 kwenye jumla yote aliyolipa mnunuzi, posta ikiwemo, kisha makato ya mtandao na ya malipo nayatoa kwenye fungu la Mama peke yake. Kwenye santuri za bei kubwa haikuonekana sana. Sasa chukua ya 10, na posta 8. Jumla 18. Mimi 3.60. Discogs, mtandao wa kuuzia santuri ambao hukata asilimia 9 hadi kwenye posta, 1.62. Njia ya malipo, tuseme 0.90. Toa na posta yenyewe 8, Mama anabaki na 3.88. Nilikuwa nakula kamisheni ya stempu!

Hakuja na ugomvi. Alikuja na daftari, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Mwanangu, hii umeiuza 10. Mbona nimepata pungufu ya 4?" Nikaanza kumweleza, na katikati ya maneno nikajisikia kwamba simwelezi, najitetea. Nilikuwa nimeshauza zaidi ya 200. Usiku ule nilizipitia zote moja moja, kesho yake nikampelekea tofauti. Akapokea, akashukuru, akaomba zilizobaki zirudi. Alifanya sawa. Kila santuri alikuwa ameiandika kwa mkono wake kwenye daftari lile, nami sikumwandikia hata karatasi moja.

Siku hizi naondoa posta na makato yote kwanza, na kinachobaki ndicho tunachogawana. Kwa hesabu hiyo, ile ya 10 ingempa karibu 6. Na tunaandikiana.

3. Weka ngazi. Asilimia moja kwa santuri zote haimtendei haki yeyote. Za bei ya chini zina kazi ileile kwa pesa kidogo, kwa hiyo nachukua 40 hadi 50. Za kati 30. Zile adimu, 15 hadi 20, kwa sababu sifa za santuri zenyewe ndizo zinazoziuza.

4. Daraja ni jukumu lako. Ukiandika NM (karibu mpya) na ilikuwa VG+ (daraja la chini yake), ikirudishwa hasara ni yako, si ya mwenye mali. Na kwenye kifurushi toa santuri nje ya jalada, isije ikapasua mshono.

5. Ukiitamani mojawapo, mwonyeshe mwenye mali bei za mauzo ya karibuni, umlipe kamili, bila kamisheni.

6. Panga tarehe ya mwisho. Mimi naweka miezi sita, na zisizouzika zinarudi safi, kwa mpangilio uliozikuta nao. Mama yule alikuwa amezipanga kwa mwaka walioinunua kila moja, yeye na mumewe. Mimi nilimrudishia kwa alfabeti.